Saa nane usiku nimelala, mfumo unafunga tiketi kwa jina langu

Wakuu, heshima kwenu wote. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Jana saa saba mchana nimekabidhiwa barua ya kujieleza, nimepewa saa 48, kwa kosa la kufunga tiketi (kazi iliyosajiliwa kwenye mfumo wetu wa ofisini) ambayo sikuigusa. Wiki tatu nzima nimepiga kelele kwamba kile kiunganishi, programu inayohamisha taarifa kati ya mifumo yetu miwili, kizimwe, hakuna aliyesikia, na leo anayeandikiwa barua ni mimi.

Ofisi yetu iko Dar. Tuko madevelopa (waandika programu) sita na testa (wapimaji) wawili, tunajenga mfumo wa mikopo wa SACCOS moja. Kazi zetu zote ziko Jira, programu ya kufuatilia kazi: tiketi inafunguliwa, mtu anaichukua, mwenzake anaipitia, testa anaipima, inafungwa. Meneja wa mradi yeye maisha yake yako ndani ya Microsoft Project, programu ya kupanga ratiba ya mradi, na chati yake ya Gantt (mchoro wa kazi na tarehe zake) ndiyo inayopelekwa kwa mkurugenzi kila Jumatatu. Programu hizi mbili, kila moja kwa upande wake, sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na kitu cha tatu kilichonunuliwa kuziunganisha, na namna kilivyofungwa.

Shida yenyewe ilikuwepo, sikatai. Meneja alikuwa anapita meza kwa meza kila Ijumaa jioni akiuliza "hii imefika asilimia ngapi?" kisha anajaza kwa mkono. Alichoka, na sisi tulichoka. Mwishoni mwa Julai uongozi ukanunua kiunganishi. Muuzaji alikuja na projekta, akaonyesha kazi tatu za mfano zikienda na kurudi, watu wakapiga makofi. Kazi tatu! Zote kaziandika mwenyewe, hakuna sikukuu ndani yake, hakuna tiketi iliyorudishwa na testa, hakuna mtu anayebadilisha upande huu huku mwingine akibadilisha upande ule. Sisi tulikuwa na tiketi zaidi ya 400.

Fundi wao alipokuja kufunga, akaomba tokeni ya API, yaani ufunguo ambao programu nyingine inautumia kuingia Jira, yenye ruhusa kubwa. Msimamizi wa Jira ofisini ni mimi. Nikasema kiunganishi kifunguliwe akaunti yake. Nikajibiwa hiyo ni leseni nyingine ya kulipia, tumia ya kwako kwanza, tutabadilisha baadaye. Nikatoa tokeni yangu. Kwa asiyejua: anayeingia kwa tokeni ya mtu, kila anachokifanya Jira inakiandika kwa jina la mwenye tokeni. Historia ya tiketi haitasema kiunganishi kimebadilisha. Itasema fulani amebadilisha, na fulani huyo ni mimi. Kikawekwa kisawazishe pande zote mbili, kwenda na kurudi, kila siku saa nane usiku.

Tarehe ndizo zilizoanza kuharibika. Tiketi ya kuisha Ijumaa, tarehe 29 Agosti, asubuhi tukaikuta imeandikwa tarehe 28. Nikadhani mtu kakosea. Kesho yake ni 27. Nikakaa na kumbukumbu za mfumo mpaka nikaona kinachofanyika. Tarehe isiyo na saa, kile kitu kinaichukulia kuwa ni saa sita usiku ya Dar. Kinaigeuza iwe saa ya UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo inakuwa saa tatu usiku ya siku iliyotangulia. Halafu kinakata saa, kinabakiza tarehe. Siku imeliwa. Na kwa kuwa kinakwenda na kurudi, kila usiku kinakula siku nyingine. Baada ya wiki moja kazi ya tarehe 29 ilikuwa inadaiwa tarehe 22, na chati ya mkurugenzi imejaa wekundu. Watu wanaoingia ofisini saa moja asubuhi na kutoka saa tatu usiku wakaitwa wazembe mbele ya kikao. Dada mmoja kwenye timu yetu, mchapakazi kutuzidi sote, alitoka kwenye kile kikao analia. Hilo sijalisahau, na aliyemwita mzembe hajamwomba radhi mpaka leo.

Walirekebisha tarehe baada ya siku tisa. Tukagundua na muda wa kazi umeharibika. Jira inatunza makadirio kwa sekunde. Kwetu siku ya kazi ni saa 8, hivyo kazi ya siku 3 ni saa 24, yaani sekunde 86,400. Kiunganishi kikizisoma sekunde hizo kinasema ni siku moja, kana kwamba binadamu anafanya kazi usiku na mchana bila kulala. Siku tatu zikawa moja kwenye Gantt, na meneja akamwahidi mteja tarehe kwa hesabu hiyo. Kalenda nayo: ile ya kawaida ya Project haina sikukuu zetu mpaka uziingize mwenyewe, na fundi hakuziingiza. Nane Nane imeangukia Ijumaa, sisi tumepangiwa kazi.

Hayo yote ningeyameza. Hili la riba siwezi.

Testa aligundua kwamba mwanachama akilipa rejesho kabla ya tarehe yake, riba ya mwezi ule inakatwa mara mbili. Developa akarekebisha, tiketi ikafungwa, kule Project ikasoma asilimia 100. Testa akapima tena, akakuta aina moja ya mkopo bado ina tatizo lile lile, akairudisha tiketi iendelee kufanyiwa kazi. Usiku kiunganishi kinakuta Jira inasema haijaisha, Project inasema 100. Kikaamua kuiamini Project, kikafunga tiketi. Asubuhi testa akaifungua. Usiku kikaifunga. Akaifungua tena, kikaifunga tena. Siku ya nne testa alikuwa msibani Tanga. Tiketi ikabaki imefungwa, ikahesabiwa imekwisha, toleo likapandishwa kwenye seva ya mteja.

Wanachama wakakatwa riba mara mbili. Ni walimu na manesi wanaolipa kutoka kwenye mshahara, na ilichukua siku nne kuwarudishia pesa zao. Mzee mmoja mstaafu alikwenda kwenye kaunta ya SACCOS na stakabadhi zake zote mkononi, akaambiwa mfumo haukosei.

Sasa uongozi ukafungua historia ya tiketi. Imefungwa saa nane na dakika nne usiku, jina langu. Siku iliyofuata, dakika ile ile, jina langu. Nauliza kwa uchungu: ni mtu gani anayeamka kila siku saa nane na dakika nne kamili kufunga tiketi moja? Mimi saa hizo niko Mbagala nimelala na familia yangu.

Nimemwandikia muuzaji barua pepe tatu. Jibu ni lile lile: mfumo unafanya kazi kama ulivyosanidiwa. Aliyesanidi ni fundi wao, sisi hata menyu hatukuonyeshwa!

Ninachokidai nimekisema tangu wiki ya kwanza na nakirudia hapa mbele yenu. Kila kisanduku cha taarifa kiwe na mfumo mmoja unaokimiliki. Hali ya tiketi na saa zilizotumika ni za Jira, kwa sababu huko ndiko kazi inakofanyika. Project isome tu, isiandike. Tarehe za mkataba na bajeti ni za Project, Jira isome tu. Pande mbili zikipingana, mashine isichague, isimame na kumwita mtu. Kufuatana kwa kazi kusihamishwe kabisa: Project ina aina nne za kufungamanisha kazi na kazi, sisi kwenye tiketi tunaandika tu kwamba hii inazuia ile, na kila unapotafsiri kimoja kuwa kingine maana inapotea. Na kiunganishi kiwe na akaunti yake. Bei ya leseni moja kwa mwezi haifikii hata nauli zangu za mwezi za kwenda na kurudi kazini, lakini kwa ajili ya kuibana hiyo jina langu limechafuliwa.

Wapo watakaoniambia meneja ahamie Jira tu. Hapana, yeye ana mkataba na malipo ya awamu ya kufuatilia, chombo chake anakihitaji. Na sisi tukihamia Project kazi itasimama. Kuunganisha kunahitajika. Ila kuunganisha bila kukubaliana nani ana kauli ya mwisho kwenye kitu gani, ndiko kulikotufikisha hapa.

Jana saa kumi na moja jioni niliifuta ile tokeni. Usiku wa kuamkia leo, kwa mara ya kwanza tangu mwisho wa Julai, hakuna tiketi hata moja iliyojifunga. Nimepata pia kumbukumbu za kiunganishi, muda wake unalingana na historia ya Jira sekunde kwa sekunde, nazichapisha zote niziambatanishe.

Mliowahi kujibu barua ya namna hii, naombeni mnielekeze: nianze na ushahidi, au nianze na tarehe nilizotoa tahadhari kwa maandishi? Na ile hatua ya kufuta tokeni niitaje mwenyewe au nisubiri niulizwe? Zimebaki saa 29. Meneja ameshaniandikia asubuhi hii kwamba Gantt haijasasishwa, nitengeneze tokeni nyingine haraka. Sitengenezi.