Naomba ushauri: kutenganisha akina Senyavin wa jeshi la majini la Urusi

Wakuu, naomba msaada kwenye mti wa ukoo huu. Majina ya baba yanatenganisha wakubwa vizuri: Naum Akimovich alishinda vita vya baharini vya Ösel (kisiwa cha Baltiki) 1719, mwanawe ni Aleksei Naumovich, na Dmitry Nikolayevich aliwapiga Waturuki baharini karibu na Athos (rasi ya Ugiriki) 1807. Kichwa kinauma kwenye orodha za maofisa zenye jina la ukoo na namba tu (Senyavin wa kwanza, Senyavin wa pili). Namba hufuata ukuu kazini. Wa kwanza akistaafu, wa pili hupanda, nawe unaunganisha watu wawili bila kujua. Mnawafuatilia kwa cheo au kwa meli? Na tarehe: Athos ni 19 Juni kalenda ya zamani (ya Julius, iliyotumiwa Urusi wakati huo), 1 Julai mpya (ya Gregori); kwa tarehe za karne ya 18 ongeza siku 11, si 12 kama hapa. Mnatanguliza ipi?