Tupeane uzoefu: siku mvua ilipokukuta na baiskeli milimani Ufaransa

Mkazi wa Lyon (mwanzisha mada)

Wakuu, habari zenu. Humu tuko wengi tunaoishi Ufaransa na nchi za jirani, na najua wapo wanaofunga mizigo kwenye keria kila kiangazi wakapotelea milimani siku nne tano. Picha za jua tumeshaziona za kutosha. Leo naomba tusimuliane siku za mvua, kwa sababu kuna vijana wanaanza safari hizi mwaka huu, na mvua ya milimani wengi wanaijua kwa kuambiwa tu.

Naanza mimi. Juni ya mwaka juzi tulitoka Bourg-d'Oisans sisi watatu, tukilenga kulala Briançon kwa kupitia Col du Lautaret. (Col ni pale barabara inapokatiza mgongo wa mlima, tumezoea kuiita hivyo hivyo.) Asubuhi palikuwa na mawingu tu, nyuzi 13, tukasema twende. Mvua ikatushika tulipopita La Grave. Kupanda kwenyewe hakukuwa na shida: mwili unachemka, unakanyaga pole pole, maji yanatiririka mgongoni na wala hujali. Mimi ni mtoto wa Lushoto, nimekua nikisukuma baiskeli ya mzee kwenye utelezi, nikajiona niko nyumbani.

Kosa tulilifanyia juu. Lautaret ina mita 2,058, Bourg-d'Oisans kama 720. Kila ukipanda mita mia, joto linapungua zaidi ya nusu nyuzi, kwa hiyo zile 13 za bondeni huku juu zilikuwa 4. Tukapiga picha, tukabishana kama tuongeze na Galibier, mita 2,642, huku jasho linapoa ndani ya makoti. Tukaiacha, tukaanza kuteremka. Haikupita dakika tano vidole vyangu vikagoma. Naviona viko juu ya breki, naviamuru vibane, havibani. Niliisimamisha baiskeli kwa kuiingiza kwenye majani ya kando ya barabara, nikawa natetemeka hadi mwenzangu akanifunga zipu ya koti, maana mimi nilishindwa. Tulishuka kwa vituo: kilomita mbili, simama, mikono kwapani, endelea. Le Monêtier-les-Bains kuna chemchemi za maji moto, na wamejenga mabwawa ya kuoga. Tuliingia humo hatujasema neno. Sijawahi kumshukuru Mungu kwa maji kama siku ile.

Tangu hapo nina fulana ya sufu na glavu kavu ndani ya mfuko wa plastiki, haziguswi mpaka juu. Nazivaa kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya kunywa maji. Haya, karibuni.

Dada wa Toulouse

Asante kaka kwa kuanzisha. Mimi ni wa Kenya, safari zangu ni za Pyrenees. Kisa changu ni cha breki.

Nilipanda Tourmalet (mita 2,115) kutoka Luz-Saint-Sauveur, mvua inanyesha tangu alfajiri, na baiskeli yangu ni ya breki za rimu, zile ambazo raba hubana ukingo wa gurudumu. Jambo nililokuwa silijui: barabara ikilowa, mchanga mwembamba hurukia rimu, na kila ukibana breki ule mchanga unaisaga raba. Nilipoondoka raba zilikuwa zimebaki nusu, nikadhani zinatosha. Nilipopita La Mongie nikasikia chuma kinakwaruza rimu. Nikashuka. Sehemu kubwa ya njia hadi Sainte-Marie-de-Campan nilitembea kwa miguu, mizigo inanisukuma kwa nyuma, magari yananirushia maji.

Wanaofuatilia mbio wanakijua kijiji hicho. Mwaka 1913 Eugène Christophe alikuwa kwenye Tour de France, foku ya baiskeli yake (uma unaoshika gurudumu la mbele) ikavunjika akiteremka mlima huo huo. Akaibeba mpaka Sainte-Marie, akaingia kwenye karakana ya mhunzi, akaiunga mwenyewe kwa moto na nyundo kwa sababu kanuni zilikataza kusaidiwa. Na bado wakamwadhibu, kwa kuwa kijana mmoja alimvukutia mivukuto. Pale kijijini wameweka kumbukumbu yake. Nilisimama mbele yake nimelowa chepechepe, nikalia. Sikulia kwa uchovu. Ni kwamba nilikuwa nimetoka kuitembea barabara ile ile, na yeye aliitembea akijua wenzake wanampita mmoja mmoja.

Siku hizi sitoki bila raba za akiba. Na wenye breki za diski mzikague vilevile, pedi zake nazo huliwa na mvua.

Wa Bukavu, sasa Clermont-Ferrand

Jambo wandugu. Mimi mvua haikuniumiza, njaa ndiyo iliniumiza.

Ilikuwa Jumatatu, huko Cantal, naelekea mlima wa Puy Mary. Kwetu Bukavu hata mvua inyeshe namna gani, pembeni ya barabara utamkuta mama mwenye mandazi chini ya mwavuli. Vijijini huku saa sita mchana wanafunga mpaka saa nane, na Jumatatu maduka mengi ya mkate hayafungui kabisa. Nilipita vijiji vitatu, milango imefungwa yote. Pas de Peyrol, col ya mlima huo, mita 1,589, nilifika katikati ya ukungu. Mlima sikuuona. Nilisikia kengele za ng'ombe tu, halafu wakatokea wenyewe, wale wekundu wa Salers wenye pembe ndefu, wamesimama wananitazama. Nikawasha taa zote na kuvaa kizibao cha kuakisi mwanga (sheria hapa inakitaka, nje ya miji, usiku au pasipoonekana vizuri), nikashuka taratibu.

Kilichoniokoa ni lavoir. Vijiji vingi vya Ufaransa vinalo hilo banda la zamani ambamo akina mama walifulia nguo: lina paa, lina jiwe la kukalia. Nilijikunja humo nikitafuna zabibu kavu za mwisho. Mzee mmoja akapita na mbwa, akaniangalia, akaondoka bila neno. Baada ya robo saa akarudi na mwavuli wa pili, akanichukua kwake. Mkewe alikuwa na truffade jikoni, viazi vilivyokaangwa vikachanganywa na jibini changa mpaka inavutika kama uzi. Walikataa pesa yangu. Kila Desemba tunaandikiana kadi.

Mwalimu wa Alès

Shikamooni wakubwa. Naomba nipingane kidogo na moyo wa uzi huu, maana naona wote mmeondoka mkijua mawingu yapo. Kwa milima ya Cévennes, hasa Septemba hadi Novemba, tafadhali msifanye hivyo. Hewa yenye unyevu hupanda kutoka Mediteranea, inagonga milima, na maji ya wiki nyingi yanaanguka kwa saa chache. Mito ya Gardon mnayoiona kiangazi ina mawe matupu hufurika ukiitazama.

Mimi na mume wangu tulikuwa juu ya Saint-Jean-du-Gard, Oktoba, mvua ya kawaida tu kwa macho yetu. Tukafika kwenye daraja la chini, lile ambalo mto ukijaa hupita juu yake. Maji yalikuwa bado chini, tungeweza kuvuka. Mkulima mmoja akashuka kwenye trekta akatuzuia kwa mikono miwili. Tulikasirika. Tulikuwa bado tunamwelezea kwamba tuna haraka, daraja likapotea. Sijui niseme nini zaidi.

Météo-France, shirika la hali ya hewa la hapa, hutoa rangi za tahadhari kwa kila wilaya (département): kijani, njano, machungwa, nyekundu. Rangi ya machungwa kwa mvua ikitoka, sisi baiskeli haitoki.

Mgeni wa Grenoble

Wakuu, mvua ikizidi naruhusiwa kuingia na baiskeli kwenye treni? Nina wiki tatu tu hapa nchini.

Mkazi wa Lyon (mwanzisha mada)

@Mgeni, karibu sana. Treni za mkoa, TER, nyingi huchukua baiskeli bure, ila njia nyingine kiangazi wanataka uweke nafasi mapema. Sisi Briançon tulirudi kwa treni. Na mwalimu, nimekuelewa, ahsante.

Baba wa wawili, Valence

Nichangie ya jana, nguo bado ziko kwenye kamba. Mimi na binti yangu wa miaka 14 tulikuwa milima ya Vercors, tumepanda kutoka upande wa kaskazini kupitia La Chapelle. Mvua na ukungu saa nne mfululizo. Binti alikuwa ameacha kuzungumza, na nyie wazazi mnajua ukimya ule. Nikaanza kutafuta namna ya kumwambia samahani.

Col de Rousset, mita 1,254, barabara inaingia kwenye handaki. Tuliingia tukiwa hatuoni mbele. Tulipotoka upande wa pili, jua. Barabara kavu, bonde la Diois lote liko chini ya miguu, na kona zinajikunja moja chini ya nyingine kuelekea Chamaloc. Binti akasimamisha baiskeli, akavua koti, akaniuliza kama anaweza kutangulia.

Nikampa glavu kavu, akatangulia.