Peugeot 504 inazima mlimani, nataka kuifunga pampu ya petroli ya umeme. Naombeni ushauri

Ngosi wa Makambako: Habari za leo wakuu. Nina 504 yangu ya kabureta, bodi safi kabisa. Shida ikishapata moto inaanza kumisi halafu inazima, juzi mlima Kitonga imenizimia katikati ya kona, malori nyuma yanapiga honi, jasho linanitoka. Ikipoa inawaka kama haijawahi kuumwa. Fundi kasema nitoe pampu ya kwenye injini niweke ya umeme. Inafaa? Na inakaa mbele au nyuma? Jumamosi ndiyo inambeba bibi harusi, mdogo wangu anaolewa Songea, naombeni majibu ya haraka.

Babu Gia: 504! Ndiyo iliyochukua Safari Rally 1975, ikarudi ikachukua tena 1978. Marehemu baba alikuwa na stesheni wagoni, likizo tunapakiwa watoto nyuma na magunia ya mpunga mpaka Kyela na hatukuwahi kulala njiani. Kijana usije ukaiuza.

Mama Wawili: Uza ununue IST, upande mlima na AC.

Koili Kavu: Hiyo koili. Ikipata joto inakata moto wa plagi, ikipoa inarudi. Badilisha koili na kondensa uachane na mapampu.

Ngosi wa Makambako: Koili mpya mkuu, kondensa pia.

Fundi Sefu: Ya umeme inafaa, ila inajua kusukuma, kuvuta haijui. Inakaa nyuma karibu na tenki, chini ya usawa wake, filta inatangulia. Umeme upite kwenye fyuzi na rilei, na uweke swichi ya presha ya oili, injini ikizima pampu nayo ikate, maana ukipata ajali hiyo kitu itaendelea kumwaga petroli. Kabureta yako inataka presha kama psi 3 tu. Una pampu gani?

Ngosi wa Makambako: Ipo moja nimepata kwa bei nzuri.

Fundi Sefu: Ya gari gani?

Babu Gia: Jibu swali kijana.

Ngosi wa Makambako: Ya Noah, ile ya ndani ya tenki. Na wakuu msinirukie, fundi ameshaifunga, ipo kwenye buti pembeni ya spea tairi. Jana nimezunguka nayo mjini inavuta kuliko zamani. Harufu ya petroli ipo kidogo, fundi kasema itakata yenyewe. Hela nimeshalipa, na gari ya mzee siwezi kuirudisha nusunusu.

Fundi Sefu: Ndugu yangu, hiyo pampu ni ya injeksheni, inasukuma psi 40 na zaidi. Sindano ya kabureta haiwezi kuzuia hiyo presha, bakuli linajaa, petroli inafurika, nyingine inashuka kwenye silinda mpaka kwenye oili, nyingine inadondokea manifoldi ya moto, ile inayotoa moshi. Halafu imezoea kulala ndani ya petroli ndiyo inayoipoza, wewe umeiweka nje ikaukie. Chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, inuse, uje useme.

Mtumishi: Vijana mnapenda njia za mkato. Bibi harusi wa watu mnampakia juu ya bomu kwa kubana hela ya spea.

Shemeji wa Wote: Jamani hii chai. Mwanzo "504 yangu", sasa "gari ya mzee". Pampu ya Noah inachomolewa vipi ikakaa kwenye buti bila nyumba yake? Huyu hana hata baiskeli, anatupotezea bando.

Koili Kavu: Hata mimi nilishangaa, Songea na harusi na Kitonga vyote wiki moja 😂

Ngosi wa Makambako: Mzee yupo hai, kanikabidhi funguo na kadi, ndiyo maana nasema yangu. Pampu imefungwa kwa klampu na mpira wa tyubu. Pale ilipotoka ya zamani fundi kaziba kwa bati la kopo na silikoni. Na nimechomoa dipstiki: oili nyepesi kama maji, imepanda juu ya alama, inanuka petroli tupu.

Shemeji wa Wote: Bati la kopo hakuna anayeweza kulitunga. Nakuamini, samahani.

Fundi Sefu: Usiiwashe, hata kuisogeza. Toa terminali ya betri, acha buti wazi, mwaga oili yote na filta yake. Ile pampu ya zamani unayo?

Ngosi wa Makambako: Ipo, ila fundi wangu anasema tukiweka regulata ya kupunguza presha hii itafaa.

Fundi Sefu: Toa. Fungua skrubu za juu za ile ya zamani utazame diaframu, ule utando wa ndani, juani, ukiona mwanga umepita ndiyo ugonjwa wako wa Kitonga, ikipata moto ilikuwa inavuta hewa. Tafuta kiti yake, yaani seti ya spea za ndani, weka gasketi mpya, paipu ya petroli isogeze mbali na manifoldi. Ukikosa kiti nunua ya umeme ya kabureta, presha ndogo. Bibi harusi apande gari nyingine.

Ngosi wa Makambako: Nimeshamwahidi lakini.

Mama Wawili: IST yangu ipo Mafinga, njoo inbox.

Babu Gia: Sefu, hizo kiti za diaframu za Datsun 1200 unazo? Yangu nayo asubuhi inapiga stata mpaka betri inalia.