Ushauri: mdogo wangu anataka kuacha dawa za figo, eti mwili umeshaizoea

Wakuu, habari za jioni. Nipo Ngamiani, Tanga. Mdogo wangu alipandikizwa figo Muhimbili, mtoaji ni dada yetu. Kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi) iko vizuri, kazini karudi. Ila takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo, inamchosha: mikono inatetemeka mpaka kahawa inamwagika. Kasoma mahali kwamba mwili unaweza kufundishwa kukubali kiungo cha mtu mwingine, sasa anadai wake umeshazoea, na dada ni damu moja. Anataka aache. Mama halali. Kuna ukweli hapo?

Nesi Mstaafu: Mwanangu, kreatinini imetulia kwa sababu ya hizo dawa. Kinga haijazoea, imefungwa mikono. Akiacha, seli T, askari wa kinga, zinaivamia figo kimyakimya. Kuja kuona miguu imevimba, imeshaharibika.

Mzee wa Raskazone: Habasoda asubuhi na jioni, atapona.

Nesi Mstaafu: Mzee, tafadhali.

Bin Makorora: Alichosoma si uongo, mkuu. Mwaka 1953 mwanasayansi wa Uingereza, Peter Medawar, na wenzake waliwadunga panya wakiwa bado tumboni seli za panya wa ukoo mwingine. Walipokua wakapandikizwa ngozi ya ukoo ule, hawakuikataa. Akapata Nobel 1960. Kwa binadamu, hospitali ya Massachusetts General kule Boston, Marekani, waliwapa wagonjwa figo pamoja na uboho wa mtoaji yuleyule, na baadhi wakaishi miaka bila dawa. Lakini hao waliandaliwa kwa mionzi na dawa kali kwanza. Dogo alipewa uboho? Kama hakupewa, huko kuzoea kumetoka wapi? Na hiyo damu moja ni ya mapacha wa kufanana, kama wale waliopeana figo Boston mwaka 1954. Dada wa kawaida hafiki huko.

Nesi Mstaafu: Kutetemeka kuna dawa yake. Apimwe kiwango cha takrolimasi kwenye damu, huenda kimezidi, daktari atapunguza dozi. Halafu muulize, anakula balungi? Linazuia mwili kuivunja hiyo dawa, inajaa kwenye damu.

Mwanzisha uzi: Lahaula! Mjomba anatuletea kwa gunia kutoka Muheza, ndiyo kifungua kinywa chake. Jumatatu nampeleka kliniki mwenyewe. Damu inatolewa kabla ya kumeza dawa ya asubuhi au baada?

Nesi Mstaafu: Kabla. Kidonge akiweke mfukoni, ameze akishatolewa damu.