SGR inakuja Kigoma: nijenge godauni sasa hivi au nisubiri kwanza?

mama_migebuka

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo hasa kwa nyie mnaojua mambo ya miradi mikubwa, maana mimi niliishia form four na hesabu zangu ni za gunia na dumu.

Nafanya biashara ya dagaa na mawese huu mwaka wa 9, dagaa nachukua mwalo wa Kibirizi, mawese nakusanya kwa akina mama huku Mwandiga na Simbo, mzigo naupeleka Tabora na mwingine unafika mpaka Dar. Sasa kuna dalali kaniletea kiwanja upande wa kuelekea Katosho, anasema SGR, ile reli mpya ya kisasa, ikifika hapo patakuwa kama Kariakoo, makontena ya Kongo na Burundi yote yatapita mlangoni kwangu. Kiwanja mil 35. Godauni la kawaida tu la tofali na bati fundi kanipigia mil 50. Mimi nina mil 25 zangu na benki wako tayari kunipa 60 kwa miaka 5, riba 18 kwa mwaka, ila wanataka hati ya nyumba.

Mume wangu hataki kusikia. Anasema reli ya Mjerumani ilifika Kigoma 1914 na babu yake akaiona kwa macho yake na akabaki kuwa mvuvi vilevile mpaka anakufa. Nilicheka lakini usiku sikulala.

Swali langu, hivi hawa wataalamu wanaosema mradi utaleta faida kubwa wanapigaje hizo hesabu, na hiyo faida mimi inanifikia au inaishia kwenye makaratasi?

tuliza_boli

Dalali aliyesema Kariakoo mwulize yeye mwenyewe kanunua vingapi hapo. Nimemaliza.

mpiga_hesabu

Mama migebuka shikamoo, na kama mimi ndo mkubwa basi marahaba. Nimefanya upembuzi yakinifu, yaani kupima kama mradi unalipa kabla haujajengwa, wa barabara na bandari miaka kadhaa nikiwa kijana wa kukusanya takwimu na baadae upande wa hesabu, nitakueleza jinsi jikoni kulivyo.

Serikali ikijenga reli inapiga hesabu ya nchi nzima. Kwa mfano barabara. Ule mtihani maarufu wa Marekani uliofanyika Illinois mwisho wa miaka ya 1950 ulionyesha kwamba uharibifu wa lami unapanda kama uzito wa ekseli (ule mhimili wa magurudumu ya gari) kwa nguvu ya nne, yaani ekseli ikiwa nzito mara mbili barabara inaumia karibu mara 16. Kwa hiyo kila tani elfu inayotoka kwenye semi ikapanda behewa, kuna hela ya matengenezo ya lami nchi inaokoa. Weka na ajali zinazopungua, dizeli isiyoagizwa nje, muda wa abiria. Zote hizo zinaandikwa kama faida, na ni faida kweli sikatai, ila hakuna hata shilingi moja hapo inayoingia kwenye droo yako. Mradi unaweza kulipa kwa nchi na godauni lililo pembeni yake likakaa na popo.

Hesabu yako wewe ni nyingine. Mil 60 kwa riba hiyo, kama inapungua kadiri unavyolipa, ni marejesho ya kama mil 1.52 kila mwezi kwa miezi 60, jumla mil 91 na ushee, na marejesho yanaanza mwezi ujao, hayasubiri treni. Mkataba wa kipande cha Tabora Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, km 506, ndani yake njia kuu ni 411 na zilizobaki ni za kupishania na za stesheni, thamani yake zaidi ya dola bilioni 2. Treni ya umeme yenyewe imeanza kupeleka abiria Dodoma katikati ya 2024. Kati ya Dodoma na wewe kuna Makutupora, kuna Tabora, halafu ndo Kigoma, na hivyo vipande vyote lazima viungane ndo kontena la Dar likufikie bila kushushwa njiani.

Na miradi inachelewa, sio yetu tu. Kuna mtafiti wa Denmark anaitwa Bent Flyvbjerg, yeye na wenzake walichukua miradi 258 ya usafiri kwenye nchi 20 wakakuta 9 kati ya 10 ilizidi bajeti, na ya reli ndo iliongoza, wastani inazidi kama asilimia 45. Walipoangalia makadirio ya abiria wa treni nayo wakakuta yamekuzwa sana. Nilikaa kwenye vikao vya hayo makadirio, mtu hadanganyi kwa makusudi kila mara, ila kila nafasi ya kukadiria inajazwa na namba ya mtu mwenye matumaini, mwishoni matumaini yanazidishana.

Sasa swali ambalo mimi ningeanza nalo ni hili, mzigo utabadilisha chombo wapi? Godauni linaishi pale mzigo unaposimama. Mzigo wa Kongo ukifika Kigoma unataka uende kwenye meli, kwa hiyo utasimama bandarini au kwenye bandari kavu (yadi ya makontena ya nchi kavu) ambayo tayari ina mwenyewe, hausimami kwa mama migebuka. Wa Burundi ndo kabisa, kazi ya reli ya Uvinza kwenda Musongati huko Burundi imezinduliwa Agosti 2025, ikikamilika mzigo wa Burundi unakunja kona Uvinza hata Kigoma mjini hauoni. Dalali hajakwambia hilo. Na upande wa ziwa, hata reli ikishusha makontena mia kwa siku, bila meli za kutosha za kwenda Kalemie na Uvira upande wa Kongo yatarundikana tu, na reli ya kuingia ndani kutoka Kalemie nayo hali yake ni mbovu. Mnyororo unabeba kwa pete yake dhaifu.

fuso_la_kaliua

Mkuu hapo juu kaongea kisomi mimi naongea kidereva, niko Tabora nina fuso mbili na semi moja ya kushirikiana na shemeji.

Dada angu, watu wanaogopa treni itaua malori yote, sio kweli na pia sio uongo. Treni inashinda kwenye mzigo mzito unaoenda mbali usio na haraka, saruji, mbolea, mafuta, shaba ya watu. Kigoma mpaka Dar kwa reli ni zaidi ya km 1,250 hapo siwezi kupambana nayo, lakini Kigoma Tabora sijui, maana lazima mzigo upakiwe kwenye gari ndogo nyumbani kwako, ushushwe stesheni, upakiwe kwenye behewa, Tabora ushushwe tena, upakiwe tena mpaka sokoni, hapo umelipa kuli si chini ya mara tano na kila mkono gunia linatoboka. Lori langu linapakia mlangoni kwako linashusha mlangoni kwa mteja. Kwa safari fupi ile gharama ya kupakia na kushusha inakula faida yote ya treni.

Halafu kitu wasomi wanasahau ni mzigo wa kurudi. Bei unayolipa wewe kwenda Dar haitokani na kilomita peke yake, inatokana na kama naleta kitu nikirudi. Nikiwa na saruji au bidhaa za dukani kuja Kigoma basi dagaa zako nabeba kwa bei ya kirafiki maana gari lingerudi tupu. Sasa treni ikichukua saruji yote mimi nakuja Kigoma nikiwa mtupu, na dagaa zako ambazo ni nyepesi na zina haraka labda bado utataka lori, na bei yangu ITAPANDA. Hilo sijawahi kulisikia kwenye redio.

Isaka hapa jirani mmeisahau? Ilichangamka kwa sababu treni ilikuwa inaishia pale na mzigo wa Rwanda unahamia kwenye malori. Reli ilipodhoofika malori yakawa yanatoka Dar moja kwa moja mpaka Rusumo mpakani na Rwanda, yanapita tu. Mji wa kuhamishia mzigo unategemea uamuzi wa mtu mwingine, kesho anabadilisha.

Kwani nikuulize, mzigo wako unapotea wapi kwa sasa? Barabarani au nyumbani?

mama_migebuka

Asanteni sana jamani, marahaba mpiga_hesabu nahisi nimekuzidi 😀

Fuso umenigusa pabaya. Ukweli hasara yangu kubwa iko masika. Dagaa zinaanikwa chini mchangani, mvua ikija ghafla zinabadilika rangi zinanuka, masika iliyopita nilitupa magunia 14 nyingine nikauza kwa wafuga kuku. Mawese nayo msimu yakiwa mengi nauza haraka haraka kwa bei ya kutupa kwa sababu sina pa kuweka, miezi michache baadae nayanunua palepale kwa bei juu. Barabarani hasara ipo ila sio kihivyo.

mtoto_wa_ujiji

Mimi niongezee kitu kimoja tu nilichokiona. Nilikuwa Mombasa SGR yao ilipoanza 2017, nafanya kazi kwenye yadi ya makontena. Mwanzo mzigo ulikuwa unabaki kwenye malori, basi serikali yao ikatoa amri makontena ya kwenda bara yapande treni yakachukuliwe Nairobi. Aisee. Pale Mariakani na kule Mtito Andei, miji ya barabara ya Mombasa Nairobi, vibanda vya chakula, gereji, gesti, vyote vilipoa. Waliokopa kujenga gesti kwa ajili ya madereva sitaki hata kukumbuka. Halafu 2022 rais mpya akaingia akaifuta ile amri, malori yakarudi, ila waliouza viwanja vyao kwa bei ya hasara hawakurudishiwa. Kwa hiyo usiangalie reli tu, angalia na karatasi itakayosema mzigo gani upite wapi, hiyo inabadilika kwa sahihi moja.

tuliza_boli

Ujiji umetisha. Mama usiweke hati ya nyumba. Nimemaliza tena.

mpiga_hesabu

Mama jibu lako la magunia 14 lina thamani kuliko kurasa nyingi nilizowahi kuandika. Kwenye kazi yetu kabla ya kupima mradi wowote tunatakiwa kuandika "tusipofanya kitu itakuwaje" na "tukifanya kitu kidogo cha bei rahisi itakuwaje", wengi wanaziruka hizo mbili wanaenda moja kwa moja kwenye kubwa. Kwako kitu kidogo kiko wazi. Vichanja vya kuanikia vyenye paa la nailoni na stoo ya kuweka mawese ya msimu, tena hapo hapo ulipo au karibu na mwalo. Pengine mil 25 zako zinatosha bila kugusa benki, na inaanza kurudisha hela masika hii hii hata reli ikichelewa.

Na kiwanja sijasema usikitake. Usilipie sasa bei ya kitu cha miaka ijayo. Mwambie mwenye kiwanja, sio dalali, mwenyewe, kwamba utamlipa hela kidogo akushikie kwa miaka 2 kwa bei mliyokubaliana leo, iandikwe kwa mwanasheria. Reli ikisogea unanunua, isiposogea umepoteza hiyo kidogo. Kabla ya hapo nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri ukaulize kama kiko ndani ya hifadhi ya reli au barabara, maana ukijenga baada ya tathmini ya fidia kufanyika hilo jengo halihesabiwi.

Kitu cha mwisho, kumbuka 2024 ziwa lilivyofungwa kuvua kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15. Piga picha una marejesho ya mil 1.52 na miezi 3 hakuna dagaa.

mama_migebuka

Hiyo miezi mitatu niliishi kwa kuuza mawese na vitenge, naikumbuka vizuri tu. Ngoja kesho nikamtafute mwenye kiwanja.

mama_migebuka

Mrejesho wakuu. Mwenye kiwanja nimempata, mzee wa watu mtulivu kabisa, anasema yeye alitaja mil 22 na habari ya stesheni kaisikia kwa huyo huyo dalali. Kushikiwa miaka 2 amekubali mwaka mmoja, anataka laki 8, tunaandikishana Jumatatu nikishatoka ardhi. Dalali kanipigia leo asubuhi anasema kuna mtu wa Dar kashalipia kianzio niharakishe.

Fuso, mbao za vichanja huko Tabora bei gani kwa sasa? Gari lako likija huku tupu nipakilie.

fuso_la_kaliua

Halirudi tupu tena 😂 nitumie vipimo, Alhamisi kuna gari inakuja.