Mwongozaji wa lazima msituni: usalama au ulaji?

Begi Mgongoni
Wadau, habari za jioni. Nataka tuzungumze jambo moja bila matusi. Mimi na wenzangu wa hapa Nairobi hupenda kutembea na mabegi: basi la usiku hadi magharibi mwa Kenya, hema, sufuria ndogo, unga, halafu tunaingia msituni kwa miguu kutazama wanyama na ndege. Gari hatuna na wala hatulitaki. Sasa majuzi kwenye lango la msitu mmoja (sitautaja) tuliambiwa hatuingii bila mwongozaji, na bei yake ilikuwa juu kuliko viingilio vyetu vyote vikijumlishwa. Nikaomba risiti. Nikajibiwa, "Ongea na kijana mwenyewe."
Ninachouliza: ni haki Mkenya alazimishwe kulipa mtu ndipo atembee kwenye msitu wa umma? Msitu wa Karura hapa Nairobi tunaingia wenyewe, hakuna anayetushika mkono. Saiwa kule Kitale, hifadhi nzima ni ya kutembea kwa miguu juu ya vijia vya mbao. Kwa nini kwingine iwe lazima?

Mama Siafu
Karura ni msitu wenye mkahawa, ndugu yangu. Ukipotea unafuata harufu ya kahawa. Usiuweke pamoja na msitu wa Kakamega, ambako njia zote zinafanana na jua halijatua lakini chini ya miti tayari ni usiku.

Mzee wa Umoja
Iwe lazima, na faini juu. Nyinyi vijana wa Nairobi mkiingia msituni ni spika, pombe na picha. Mbega wanahamia Uganda kwa sababu yenu. Bila mtu wa kuwaambia mnyamaze hamtaona hata kipepeo.

Begi Mgongoni
Shikamoo mzee. Spika sijaitaja popote. Nimeuliza habari ya risiti.

Ndururu
Ati spika! Mtu anaishi Umoja, makanga wanafungulia muziki hadi madirisha ya ghorofa yanatetemeka, halafu anakuja kutufunza utulivu. Sisi tulienda Kakamega na darubini na kitabu cha ndege. Tulimwona turako mkubwa wa buluu, tukamwona mbega na watoto wake. Hatukuhitaji mtu.

Mzee wa Umoja
Na ulijuaje ni turako kama hukuwa na mwongozaji?

Ndururu
Kitabu kina picha, mzee.

Mwana Shinyalu
Nilikuwa nasoma nikicheka, sasa nimekasirika. "Hatukuhitaji mtu." Mimi nimekulia Shinyalu, msitu unaanzia pale shamba la baba linapoishia. Upande wetu wa kusini, Isecheno, uko chini ya KFS, shirika la misitu: unalipia kibali, unaokota kuni, unachunga ng'ombe. Kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya KWS, shirika la wanyamapori, huko hata kijiti hugusi. Mipaka hiyo mgeni haijui, anatembea tu.
Hao vijana wa kuongoza walijifunza ndege kwa masikio. Msitu ukiwa mnene vile, ndege unamsikia kabla hujamwona, na wengine huwaoni kabisa. Yeye husimama, anakwambia tazama mti ule, subiri, na mara ndege anajitokeza. Na nyoka je? Moma hulala juu ya majani makavu na rangi yake ndiyo hiyo ya majani. Hakimbii ukija. Ukimkanyaga, usidhani kila zahanati ina dawa ya sumu yake.
Nyinyi mkiona tumbili mnatoa simu. Sisi tukimwona tunajua mahindi yamekwisha. Kijana akikosa kazi ya kuongoza atarudi kuchoma makaa, halafu mtakuja hapa hapa kutulaumu.

Ndururu
Kwa hiyo tuwalipe ndipo msikate miti? Hicho si kitisho hicho?

Mwana Shinyalu
Dada, sijasema mimi nakata. Nimesema mtu hula.

Ndururu
Mimi ni mwanamume.

Mwana Shinyalu
Basi kaka, nimesema mtu hula.

Wakili wa Kinoo
Tuje kwenye sheria. Sheria ya wanyamapori ya 2013, kifungu sikikumbuki vizuri, inasema mtu akiuawa na mnyama familia yake inalipwa shilingi milioni 5. Serikali ikiwaachia mtembee ovyo, nani atalipa? Ndiyo maana wanataka mwongozaji.

Mama Siafu
Wakili wa wapi wewe? Hiyo fidia kuna familia zimeingoja hadi watoto wamemaliza shule. Na huko Kakamega nani atakuua? Ndovu na nyati waliisha zamani. Labda ufe kwa siafu.

Wakili wa Kinoo
Sikusema mimi ni wakili. Ni jina tu la hapa.

Kijana wa Rongai
Mmesahau hifadhi ya Hell's Gate, Naivasha? 2012 vijana wa kanisa walibebwa na maji kwenye lile bonde jembamba. 2019 tena. Mvua inanyesha mbali, pale mlipo jua linawaka, na maji yanakuja kama ukuta. Halafu mtu anauliza mwongozaji wa nini.

Begi Mgongoni
Kundi lile la 2019 lilikuwa na mwongozaji.

Kijana wa Rongai
Najua. Basi nawe usifunge mkanda wa gari kwa sababu kuna waliokufa wameufunga. Na ile ebola ya Mlima Elgon je? Mtu aliingia pangoni akatoka na ugonjwa.

Popo wa Kitum
Si ebola, ni Marburg. Pango la Kitum. Mwaka 1980 ni Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi magharibi mwa Kenya, akaletwa hospitalini hapa Nairobi akafa, na daktari aliyemtibu akaambukizwa naye akapona. 1987 ni kijana wa Kidenmaki, naye alikufa. Wote walikuwa wametembelea pango hilo. Miaka mingi hakuna aliyejua virusi vilitoka wapi, hadi utafiti wa Uganda ulipoonyesha vinabebwa na popo wa matunda wanaolala mapangoni. Pango lenyewe linashangaza: ndovu huingia gizani usiku na kukwangua ukuta kwa pembe wapate chumvi. Mtu akienda Elgon asilikose. Achungulie tu, asikae.

Ndururu
Haya, mwongozaji atazuia virusi?

Popo wa Kitum
Atakwambia usishike mavi ya popo. Kuna watu wanahitaji kuambiwa.

Binti wa Kawangware
Mnazunguka mbuyu. Tuseme ukweli uliopo. Langoni, mzungu mwenye begi na viatu vya matope ni mtalii, karibu sana. Mkenya mwenye begi hilo hilo anaulizwa anatoka wapi, anaenda wapi, kitambulisho kiko wapi, na kwa nini hana gari. Mwongozaji anawekwa ili tuchungwe.

Begi Mgongoni
Asante dada. Hapo ndipo palipo na kidonda.

Kijana wa Rongai
Dada umeua.

Dereva wa Watalii
Hamjaua mtu. Mimi naendesha magari ya safari na nawaambia mgeni anatoa pesa nyingi kuliko nyinyi, ndiyo sababu anachekewa. Nendeni Bwindi, Uganda, mkaone: mgeni dola 800 kwa saa moja na gorila. Rwanda ni 1,500. Huko hakuna anayeleta mjadala wa mwongozaji. Mkenya anataka Masai Mara kwa nauli ya Githurai.

Binti wa Kawangware
Kwa hiyo heshima inauzwa kwa dola? Na kodi tunayokatwa kila mwezi inalinda mbuga za nani? Mtu anaendesha wageni hadi anajiona mgeni.

Dereva wa Watalii
Usiniingilie. Hunijui.

Mama Siafu
Huko Bwindi hakuna mjadala kwa sababu bila wale watu humpati gorila. Wafuatiliaji wanatoka asubuhi na mapema, wanaanzia pale kundi lilipoachwa jana. Hapo unalipia maarifa. Begi Mgongoni analalamika juu ya kijana anayetembea nyuma yake akichezea simu. Ni vitu viwili tofauti. Lakini endeleeni kugombana, mimi napika.

Mzee wa Umoja
Bado sijajibiwa habari ya spika. Pale Ngong Hills nimezisikia kwa masikio yangu, makundi matatu, kila moja na muziki wake. Wako hapa na wananyamaza.

Kijana wa Rongai
Mzee, kama ulizisikia Ngong, na wewe ulikuwa Ngong. Ulienda kutafuta nini?

Mzee wa Umoja
Hewa. Niliikosa.

Mwana wa Mau
Nimesoma kuanzia juu. Mnabishana mtaingia na nani, na sisi tulitolewa humo. Wazee wetu Waogiek waliishi msitu wa Mau kwa asali na uwindaji, hakuna aliyewapa mwongozaji. Mahakama ya Afrika kule Arusha ilisema 2017 kwamba haki zetu zimevunjwa, 2022 ikaamuru fidia na turudishiwe ardhi. 2023 nyumba zikabomolewa tena. Mkizungumza juu ya "msitu wa umma," mjue kuna watu waliokuwa ndani kabla umma haujauita wake.

Wakili wa Kinoo
Pole ndugu. Lakini kesi ile ilihusu Mau, hapa tunazungumzia Kakamega.

Mwana wa Mau
Nani alisema Kakamega? Mwenye mada alisema hautaji.

Ndururu
Kweli, hajautaja. Begi, utaje.

Begi Mgongoni
Siutaji. Yule kijana wa langoni naye ana mama yake. Nataka tu bei iandikwe ubaoni, pesa ipite eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, kama kiingilio, nami nijue ninamlipa kwa kazi gani. Mwaka uliopita tulishuka Uganda hadi Mabamba, kinamasi kilicho karibu na Entebbe. Mwenye mtumbwi alitupitisha kwenye njia za maji, mafunjo huku na huku, hadi kwa korongo yule wa domo pana. Ndege anasimama tuli unadhani amekufa, kumbe anavizia samaki aitwaye kamongo. Yule wa mtumbwi nilimlipa kwa moyo wote na nikamwongezea. Mwenyewe ningezama.

Ndururu
Sasa umebadilisha msimamo. Mwanzo ulisema lazima ni dhuluma, sasa unataka ubao.

Begi Mgongoni
Soma tena.

Mtu wa Dunga
Kwa nini mnavuka mpaka? Hapa Kisumu, Dunga, kuna njia ya mbao ndani ya mafunjo na vijana wa kijiji ndio wanaoongoza. Mkitaka kikubwa zaidi nendeni Yala, kinamasi cha zaidi ya hekta 17,000, ziwa Kanyaboli liko ndani yake. Yule Mwamerika wa mpunga, mwenye kampuni ya Dominion, alikausha sehemu akalima, akaondoka. Lakini Kanyaboli bado lina ngege wa asili ambaye Ziwa Victoria lenyewe limempoteza tangu samaki mbuta aletwe. Na nzohe yupo, japo mmoja kati yenu kumi ndiye atamwona.

Kijana wa Rongai
Nzohe ndiye yule swala wa majini? Nimesikia anapumua chini ya maji.

Popo wa Kitum
Hapumui chini ya maji. Akisikia hatari huzama, akaacha pua tu juu. Kwato zake ni ndefu na zinatanuka, ndiyo maana hazami kwenye tope ambalo wewe ungeacha viatu. Ukitaka uhakika wa kumwona nenda Saiwa, hifadhi iliyotengwa kwa ajili yake 1974, ndogo kuliko zote za taifa, kama kilomita 3 za mraba. Panda jukwaa alfajiri, kaa kimya.

Mzee wa Umoja
KIMYA. Mmesikia? Kimya.

Binti wa Kawangware
Mzee, tafadhali.

Mama Siafu
Nimerudi, nimepika. Begi, nani amekwambia kamongo ni samaki? Kamongo ni nyoka aliyeota mapezi. Kwetu mwanamke hakuwa anamgusa.

Mtu wa Dunga
Mama, hayo yalikuwa ya zamani. Ni samaki, tena ana mapafu, maji yakikauka anajifukia kwenye tope anangoja mvua. Hakuna samaki mwenye nyama tamu kumshinda.

Binti wa Kawangware
Mimi ni mwanamke na namla. Niliacha kusikiliza hizo hadithi nilipoanza kujinunulia chakula mwenyewe.

Wakili wa Kinoo
Na tilapia wa Wachina je, mnamla?

Mtu wa Dunga
Usimtaje mbele yangu.

Dereva wa Watalii
Nairobi anapatikana wapi huyo kamongo?

Mtu wa Dunga
Gikomba, upande wa samaki, si wa mitumba. Mara nyingi amekaushwa kwa moshi. Mloweke maji ya moto, umkwangue, kisha nyanya, kitunguu na chumvi. Usimtie viungo vya pilau.

Kijana wa Rongai
Na kama nina viungo vya pilau peke yake?

Mtu wa Dunga
Basi nunua omena.