Mnajaza plagini kwenye .zshrc halafu mnailaumu mashine

Wakuu, hili limezidi sasa. Kila mwongozo wa "teminali kali" unamwambia mtu aweke Oh My Zsh (kifurushi cha mipangilio na plagini za zsh, programu inayopokea amri kwenye teminali), kisha kwenye .zshrc, faili la mipangilio ambalo zsh hulisoma kila dirisha likifunguka, aujaze mstari wa plugins=( ) hadi ufurike: docker, kubectl, aws, hata za vitu ambavyo hana. Dirisha likichelewa kufunguka, anaanza kuulizia bei ya RAM.

Pimeni kwanza: time zsh -i -c exit. Ikipita nusu sekunde, weka zmodload zsh/zprof mstari wa kwanza wa .zshrc na zprof mstari wa mwisho, fungua dirisha jipya usome jedwali la nani anakula muda kiasi gani. Mara nyingi wanaoongoza ni nvm (kidhibiti cha matoleo ya Node, kiendeshi cha JavaScript) na compinit (inayoandaa ukamilishaji wa amri kwa Tab), si yale mapambo mnayoyasingizia.

Hiyo compinit Oh My Zsh inaiita yenyewe. Halafu anakuja mjuaji anakwambia uiongeze tena chini, kazi ileile ifanyike mara mbili. Ifute ya chini. Folda ya ziada ya ukamilishaji iingie kwenye fpath (orodha ya folda ambamo zsh hutafuta faili hizo) KABLA ya source $ZSH/oh-my-zsh.sh, ikija baada ya hapo, Tab haitaiona, na hapo ndipo watu huanza kufutafuta .zcompdump (kache ya compinit) kama wanafukuza pepo.

nvm nayo hutafuta toleo la Node kila dirisha likifunguka. Ongeza --no-use mwisho wa mstari unaosoma nvm.sh. Gharama yake: node ya nvm haipatikani mpaka uandike nvm use default. Kwa asiyegusa Node kila saa, hiyo si gharama.

zsh-syntax-highlighting, plagini inayotia rangi amri unapoandika, hukaa mwisho wa orodha ya plugins, kwa sababu hufunika wijeti (vitendo vya kuhariri mstari wa amri) zilizopo wakati inapopakiwa. Zinazokuja baadaye huenda zikakosa rangi. Na haiji na Oh My Zsh! Ni git clone kwenda $ZSH_CUSTOM/plugins, la sivyo utaishia kuona "not found".

Wabaya zaidi ni watengenezaji wa programu zinazochomeka export PATH kwenye .zshrc bila hodi (PATH ni orodha ya folda ambamo amri hutafutwa). Ukirudia source, yaani kulisoma faili upya, folda zilezile zinajirudia kwenye PATH. Dawa ni typeset -U path, inayoondoa marudio. Kwenye Mac msiiweke PATH kwenye .zshenv, inayosomwa mapema: path_helper (zana ya Mac ya kupanga PATH) iliyo kwenye /etc/zprofile itaupangua mpangilio wenu. Iwekeni kwenye .zprofile, inayosomwa baada yake.

Nyie watengenezaji, kama lazima mguse faili la mtu, onyesheni huo mstari kwenye skrini. Kuubandika tunajua.